Mashine Iliyotaka Mtani

Kila asubuhi Salha alimwaga maji ya chumvi kwenye shimo la uani, akarudi ndani kuwasha kompyuta, na mumewe Mbaruku akafunga kipande cha chuma kwenye mashine ya kukereza. Ndani ya shimo kulikuwa na sufuria iliyotoboka, mkaa na chumvi ya mawe, na kutoka kwenye sufuria waya wa kuteremsha umeme wa ziada ardhini ulipita chini ya dirisha mpaka mguuni kwa mashine. Shimo lisipomwagiliwa, mashine ya kusaga ya jirani ikianza kunguruma tu, kompyuta ilisahau ilikuwa inafanya nini. Jirani mmoja aliyepita na ndoo kichwani aliuliza wamepanda kitu gani pale ambacho hakioti. Salha akamjibu kuwa wamepanda umeme, na jirani akasema Mungu awajalie.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Area D, na mashine ilikaa kwenye chumba cha wageni, kwa hiyo wageni walilala sebuleni. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi karakana ya shirika moja la umma pale mjini, Mbaruku akikereza, Salha akipiga chapa na baadaye kutumia kompyuta, ambayo shirika lilikuwa nayo moja. Shirika lilipoanza kuuzwa, afisa alikuja na kopo la rangi nyeupe akachora X kwenye kila mashine ya karakana. X ilimaanisha mbovu kabisa, chuma chakavu. Hakuwasha hata moja. Mashine zilikuwa zinafanya kazi alipofika, zikazimwa ili achore vizuri.

Mbaruku aliruhusiwa kuchukua ile ndogo kuliko zote, iwe kifuta jasho. Gia zake zilikuwa zimeshaibwa. Salha, ambaye si mtu wa kulia muda mrefu, alikwenda kwenye vitu vilivyotupwa na ofisi akarudi na kompyuta yenye maandishi ya kijani na printa mbovu zilizojaa boksi zima.

"Mota za kusogeza karatasi zitasogeza kisu," alisema. "Gia ambazo hatuna, kompyuta itazihesabu yenyewe."

"Na nguvu ya kukisukuma itatoka wapi? Hizi ni mota za karatasi, Mama Rahimu."

"Si una baiskeli?"

Ndivyo mnyororo wa baiskeli ulivyoingia kwenye mashine, na ndivyo Mbaruku alivyoanza kwenda msikitini kwa miguu. Mara ya kwanza kisu kilikimbilia upande usiotakiwa, wakabadilishana nyaya mbili. Kisha mnyororo ukaruka meno, wakaukaza. Kisha likaja suala la mashine ya kusaga, wakachimba shimo. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa kazi. Fimbo iliyotakiwa kuwa na unene mmoja ilitoka nene huku na nyembamba kule, kwa tofauti ya unywele. Mbaruku aliweka bakuli la maji juu ya mashine kuona kama imeinama. Haikuinama. Salha alisoma upya kila mstari aliouandika. Haukuwa na kosa. Walilaumiana kidogo, kistaarabu, wakanywa chai, wakajaribu tena, na ikatoka vilevile.

Tofauti ya unywele isingemsumbua mtu kama kazi ingekuwa miguu ya kitanda. Lakini Priska alikuwa ameshakuja. Priska alitoka kijiji kimoja nyuma ya vilima vya Chamwino, na alileta donge la shaba limefungwa kwenye kitenge. Pampu ya mkono ya kijiji chao ilikuwa imekwama tangu bushi yake, pete ya shaba inayoshika fimbo isicheze, ilipoliwa. Zamani bushi za namna hiyo zilitoka karakana, na nyingi Mbaruku alizitengeneza yeye mwenyewe. Siku hizi ziliagizwa nje na mfanyabiashara mmoja ambaye kila mwezi alisemekana yuko njiani. Wanawake walikuwa wakifukua mchanga wa korongo na kungoja maji yajichuje. Kijiji kilikusanya makufuli, mabomba, jiko moja la mchina na kengele ya shule iliyopasuka, na mhunzi akaviyeyusha vyote kuwa donge hilo.

"Ndiyo hii tu, kaka Mbaruku," alisema Priska. "Ukiikosea hii hatuna nyingine. Hata shule sasa tunaita kwa filimbi."

Mbaruku alilipokea donge kwa mikono miwili, akaliweka kabatini, pamoja na vyombo vya sikukuu. Bushi iliyo nene huku na nyembamba kule ingekula fimbo ya pampu kabla mvua hazijaanza, na shaba ingekuwa imekwisha. Kwa hiyo aliendelea kujaribu kwenye chuma, na chuma kiliendelea kumfedhehesha.

Siku ya Idd, Mazengo alikuja kula pilau. Mazengo alikuwa kaka yake Priska, Mgogo wa kijiji hichohicho, na kwa miaka yote ya karakana alikuwa amesimama upande wa pili wa mashine hiihii ya Mbaruku, akimshikia kazi ndefu zisicheze. Mbaruku alikuwa mjukuu wa mpagazi aliyekuja na misafara kutoka upande wa Tabora, akaugua njiani, akabaki. Kwa hiyo wawili hao walikuwa watani, na kwa miaka yote hiyo walitukanana kuanzia king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni, wakaachana kwenye geti kwa kukumbatiana. Karakana ilipouzwa, Mazengo alibakizwa kuwa mlinzi wa geti hilohilo. Ndani sasa palikuwa ghala la marobota ya mitumba. Mwekezaji aliyeinunua alikuwa mtu mpole, mwenye kusalimia kila mtu, lakini alikuwa na amri moja: mlinzi asiongee na wapita njia. Mazengo alilinda kila siku, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na alipata ruhusa siku za sikukuu tu. Mbaruku alimkumbuka sana, ingawa alipomwona mlangoni alisema vingine.

"Nani amefungulia mbuzi leo?"

"Hodi kwa wapagazi!" alisema Mazengo. "Shemeji, Idd mubaraka. Pilau yako nimeisikia tangu getini. Huyu mumeo bado anabeba mizigo?"

Salha alimkaribisha chumba cha mashine, maana mumewe, sikukuu au si sikukuu, alikuwa ameinama pale na kanzu yake mpya, anakereza kipande cha chuma. Mazengo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Macho yake yalikwenda kwenye msumari ukutani, ambako ilining'inia kata ya kibuyu, nyeusi kwa uzee, ambayo Mbaruku aliirithi kwa bibi yake.

"Kata yetu ile pale," alisema Mazengo. "Babu yako alifika kwetu ulimi nje. Babu yangu akamwonea huruma, akamchotea maji. Akanywa mtungi mzima! Na kata akaondoka nayo. Mpaka leo kwetu tunachota kwa viganja."

"Babu yangu alilipa hongo ya kunywa maji yale. Akatoa kaniki, akatoa shanga. Na maji yenyewe yalikuwa na viluwiluwi."

"Viluwiluwi ndiyo mboga. Angekula na mlenda asingeugua."

Waliendelea hivyo mpaka kisu kikafika mwisho wa kipande. Mbaruku alipima. Huku na kule unene ulikuwa mmoja. Alipima tena, akampa Salha, naye akapima. Walikereza kingine, Mazengo akieleza jinsi wapagazi walivyokuwa wakilala wamekumbatia mizigo yao kwa kuwa hakuna mwanamke aliyewataka, na kipande hicho nacho kikanyooka. Kisha Mazengo alikwenda kula. Cha tatu, kilichokerezwa yeye akiwa mezani, kilitoka nene huku, nyembamba kule.

"Kumbe," alisema Salha, na akafuta mistari yote ya marekebisho aliyokuwa ameiongeza kwenye programu, kwa kuwa haikuhitajika.

Mashine ilikuwa imezoea mtani. Kwa miaka mingi ilikuwa imefanya kazi katikati ya matusi, na sasa ilikuwa ikiyangoja. Mbaruku alisema hata yeye angekuwa mashine angefanya hivyohivyo. Tatizo lilikuwa kwamba kesho yake Mazengo alirudi getini. Jioni alipotoka, umeme wa Area D ulikuwa umeshapungua nguvu kwa sababu ya taa na pasi za watu, na kompyuta ilikuwa inazimika ikiguswa tu. Sikukuu nyingine ilikuwa mbali, na korongo lilikuwa linakauka.

Salha alijaribu dawa ya kisasa. Jioni moja alikwenda na redio ya kaseti nyumbani kwa Mazengo, akarekodi matusi upande mzima wa mkanda, huku mke wa Mazengo akicheka nyuma. Asubuhi waliicheza mbele ya mashine. Kipande cha kwanza kilinyooka kabisa, na Mbaruku akafungua kabati kulitazama donge la shaba. Salha akasema wajaribu kwanza mara nyingine. Walirudisha mkanda mwanzo. Mashine ilisikiliza mpaka penye mtungi mzima, ikagundua kuwa inaijua hadithi na inavyoishia, na kisu kikaanza kupotoka. Hakuna aliyeilaumu. Mbaruku mwenyewe hakucheka mara ya pili.

"Basi kama yeye hawezi kuja," alisema Salha, "ipelekwe."

Waliipakia kwenye mkokoteni, na kompyuta ikabebwa na Salha mapajani kwenye mkokoteni wa pili, imefunikwa kanga. Donge la shaba Mbaruku alilivaa shingoni ndani ya soksi. Ng'ambo ya geti la karakana palikuwa na kibanda cha kinyozi aitwaye Batholomeo, aliyewapa umeme kwa masharti kwamba mashine yake ya kunyolea isizimike kichwa kikiwa nusu. Walivuta waya kuvuka njia, wakaitua mashine chini ya ukuta, hatua chache kutoka kwenye nondo za geti. Batholomeo akawachimbia shimo. Chumvi walikuja nayo.

Mazengo alikuwa amesimama ndani ya geti na sare yake, mikono nyuma. Alitazama mashine, akaitazama ofisi ya mwekezaji. Amri ilisema wapita njia. Mbaruku alikuwa amekaa, hapiti kwenda popote.

"Mpagazi," alisema Mazengo taratibu, bila kugeuza kichwa. "Leo umeona mzigo wenyewe ndio huo?"

Mashine ikaanza kuzunguka. Mbaruku alifunga shaba, akasema bismillahi, Salha akabonyeza, na kisu kikaingia. Mazengo alitoa yote aliyokuwa amemeza tangu Idd. Alisema babu yake Mbaruku alipigwa na jua la Ugogo akauamkia mbuyu shikamoo. Alisema wapagazi wakifa hawaendi peponi moja kwa moja, wanapitia stoo kwanza kushusha mizigo. Mbaruku alimjibu macho yakiwa kwenye shaba, mikono yake ikiwa imetulia kama zamani, na machozi yanamtoka kwa kicheko na kwa jambo jingine ambalo hakulificha. Alikuwa amemkosa sana mtu huyu.

Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya ghala. Mwanzoni ilikuwa moja, nzito, kisha zikaitikia nyingine. Mashine zote za karakana zilikuwa zinafanya kazi chini ya marobota ya mitumba. Umeme wa ndani ulikuwa umekatwa tangu shirika lilipokufa. Zilizunguka bila umeme, zikikereza hewa, na vumbi la nguo likatoka kwenye madirisha ya juu.

Zaitun, ambaye alitoboa vyuma pale kwa miaka mingi na sasa aliuza nyanya kona ya njia, aliacha meza yake akaja kusimama ukutani. Aliweka sikio.

"Ile inayolia kwa mluzi ni yangu," alisema. "Mkanda wake umelegea. Niliwaambia tangu zamani."

Wengine walikuja, waliokuwa mafundi na sasa walikuwa wanauza hiki na kile. Kila mmoja alitafuta sehemu yake ya ukuta, akasikiliza ya kwake. Hawakupiga kelele. Mmoja alivua kofia.

Kwenye kiti cha Batholomeo alikuwa amekaa mteja, nusu ya kichwa kimenyolewa. Alikuwa ndiye afisa wa kopo la rangi nyeupe, aliyehamia biashara zake mwenyewe. Alisikiliza naye kwa muda. Zaitun alimwendea, akamwamkia kwa adabu, akamwambia mashine zile ni nzima, mwenyewe anazisikia.

"Zile ni mbovu, mama," alisema afisa kwa upole. "Zilishachorwa." Kisha akamwambia Batholomeo aendelee, na akakumbusha pembeni pasikatwe sana.

Mwekezaji naye alitoka ofisini, akasalimia kila mtu, akauliza kelele zile zinaharibu nguo au haziharibu. Aliambiwa haziharibu. Akarudi ndani.

Bushi ilitoka kabla ya adhuhuri. Mbaruku aliipima huku, akaipima kule, akampa Salha, naye akampitishia Mazengo katikati ya nondo. Mazengo aliitia kidoleni, akaizungusha, akairudisha bila neno. Kwa kuwa hakusema neno, mashine zote zilisimama, na ya Zaitun ikawa ya mwisho kunyamaza.

Siku ya kwenda kijijini kuifunga bushi, Mbaruku aliitungua kata ukutani akaifunga kwenye kikapu. Alidhani ingekuwa jambo zuri, kuirudisha baada ya muda wote ule, na maji ya kwanza yakachotwa nayo. Salha aliitoa kwenye kikapu akaining'iniza tena kwenye msumari.

"Wewe nawe. Ukiirudisha, atakutukana nini?"

Mbaruku alifikiri, akaona mkewe ana akili kuliko kompyuta yake, akamwambia hivyo. Alikwenda na bushi tu. Priska ndiye aliyepiga pampu. Ilikohoa, ikatema kutu, ikatoa maji mekundu na kisha meupe, na watoto wakaingiza vichwa chini ya maji. Priska alijaza ndoo, akaijaza nyingine, akaendelea kupiga hata ndoo zilipokwisha, maji yakimwagika chini, na hakuna mtu aliyemkataza.

Lori lilikuja karakana mwishoni mwa kiangazi. Mwekezaji alihitaji nafasi kwa marobota mengine, na mashine zilikuwa zimenunuliwa kwa uzito zikayeyushwe. Walizitoa moja moja kwa winchi, zikapita kwenye mizani iliyowekwa getini, X zao zikionekana vizuri kwa kuwa rangi ile ilikuwa nzuri. Zilikuwa kimya. Mazengo alishika geti wazi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa, na mwekezaji alisimama karibu naye akisalimia wapakiaji. Ukutani walisimama mafundi. Zaitun hakuja, alibaki kwenye nyanya zake, amegeuka upande wa pili.

Mbaruku alikuwa kwa Batholomeo, hanyolewi. Alisimama mlangoni.

"Mgogo!" aliita. "Nasikia mnakunywa maji kwa bushi yangu! Hongo iko wapi? Lete kaniki! Lete shanga!"

Watu ukutani walicheka. Mwekezaji alimtazama Mazengo, si kwa ubaya. Juu ya lori mashine hazikufanya chochote, na iliyokuwa kwenye mizani haikufanya chochote. Zilikuwa zinangoja, na Mbaruku alijua, na Mazengo alijua, na mwanamume huyo mwenye watoto na kazi moja tu alitazama buti zake kwa muda mrefu.

"Bushi moja, mpagazi?" alisema mwishowe, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nyanya. "Bushi moja ndiyo imekupandisha kichwa? Rudisha kata kwanza!"

Mashine zikawaka zote. Lori lilitetemeka, wapakiaji wakashika kingo. Mpimaji alingoja sindano ya mizani itulie, haikutulia, akaandika ya katikati. Mwekezaji alingoja naye, kwa adabu, hadi mlinzi wake alipomaliza kutaja mtungi, na viganja, na viluwiluwi, kisha akamwomba afunge geti. Lori liliondoka na mashine zake zinazunguka, likasikika mpaka lilipovuka reli, na mluzi ukasikika kidogo zaidi.

Mwezi uliofuata getini palikuwa na mlinzi mwingine, kijana wa mbali asiye na mtani mjini. Mazengo alipata nafasi nyingi. Alikuja Area D asubuhi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, Salha akamwagilia shimo akawasha kompyuta. Mbaruku alifunga chuma. Hakuna aliyejua aanze vipi siku hiyo, na mashine nayo haikuharakisha mtu.

Mazengo aliinua macho kwenye msumari.

"Bado hamjairudisha tu," alisema.